Harrier Iliyotumika Visiwani: Daraja Lipi Linafaa Zaidi

Anayetafuta Toyota Harrier iliyotumika hapa Zanzibar, hasa ya kizazi cha pili kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2003, ile ambayo vijana wameibatiza "tako la nyani" (jina nisilolipenda, ingawa ndilo litakalomfahamisha dalali upesi unachokitaka), kwa kawaida huanza na rangi, kisha huambiwa kwamba gari hili lina kila kitu na ndiyo maana bei yake haipungui. Hiyo "kila kitu" ndiyo inayopaswa kuchunguzwa. Vifaa vilivyokuwa fahari ya gari lilipokuwa jipya, baada ya miaka 15 au 20 na katika hewa yetu ya chumvi, vingi hugeuka mzigo wa mnunuzi.

Kabla ya kulinganisha madaraja, yaani matoleo ya gari hilo hilo yanayotofautiana kwa injini na vifaa, isomwe namba ya chesisi, kwani beji ya nyuma hubandikwa kwa gundi na yeyote anaweza kuinunua. Inayoanza na ACU30 ni ya injini ya lita 2.4 inayovuta kwa magurudumu mawili ya mbele, na ACU35 ni injini hiyo hiyo ikivuta kwa magurudumu manne. MCU ni lita 3.0 na GSU ni lita 3.5, zote za silinda sita, ilhali MHU38 ni ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme. Namba haisemi kila kitu kuhusu vifaa vya ndani, lakini humzuia muuzaji kukuuzia 240G (daraja la lita 2.4) kwa bei ya 350G (la lita 3.5).

Nafasi ya kwanza naipa 240G ya kawaida, ACU30. Unguja nzima, kutoka ncha hadi ncha, haizidi sana kilomita 85, na sehemu kubwa ni tambarare. Anayetoka mjini kwenda Nungwi au Paje hana mlima wa kumdai silinda sita. Injini yake ya 2AZ imetumika pia katika Camry, RAV4, Alphard na Estima, kwa hiyo vipuri vyake havisumbui na mafundi wameizoea. Pia hutumia cheni ya taimingi, si mkanda. Ila yake moja ni kwamba baadhi ya injini hizi hula oili zikizeeka. Nenda asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, uchomoe kijiti cha oili kwanza, kisha mtu aliwashe wewe ukiwa umesimama nyuma ya ekzosi. Moshi wa buluu ukitoka, usilipe arubuni. Na ukifika ukakuta gari limeshapashwa moto "ili usisubiri", rudi siku nyingine.

Ya pili ni 240G yenye kifurushi cha L. Injini ni ile ile. Kinachoongezeka ni starehe, kama kiti cha dereva kinachosogezwa kwa umeme, na katika baadhi ya zile za Premium L mlango wa nyuma unaojifungua. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ichukue, lakini ujaribu kila swichi mara mbili. Ngozi ya viti iliyoegeshwa juani miaka mingi hupasuka, na kushona viti upya ni gharama ambayo wengi hawaihesabu.

Ya tatu ni ACU35, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Husemwa kwamba magurudumu manne ni lazima kwa anayeishi shamba, na kwa Pemba yenye vilima na udongo unaoteleza wakati wa masika, maneno hayo yana ukweli. Lakini mfumo huo haulinyanyui gari kwa kiasi cha kuhesabika: jiwe litakalokwaruza tumbo la ACU30 litalikwaruza na la ACU35. Isitoshe, matairi yote manne lazima yalingane kwa ukubwa na kwa kuchakaa, la sivyo mfumo wa kugawa nguvu huumia. Kununua tairi moja moja kadiri fedha inavyopatikana, kama tulivyozoea, hakufai. Kubwa zaidi ni historia. Huko Japani magari ya magurudumu manne hupendwa sana katika mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la namna hiyo likija kuegeshwa Jambiani, hatua chache kutoka pwani, linakuwa limeliwa na chumvi mara mbili. Kwa hiyo ACU35 ni chaguo zuri kwa mtu wa Micheweni, Pemba, mwenye njia mbaya hadi mlangoni, mradi uvungu wake uwe safi; mtu wa Mombasa (mtaa wa hapa Unguja, si ile ya Kenya) au Kiembesamaki haihitaji.

Kati ya zenye silinda sita, 350G, iliyoanza mwaka 2006, ina nguvu nyingi na cheni. 300G ya kabla yake hutumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ni nadra muuzaji kuwa na ushahidi kwamba ulibadilishwa. Zote mbili ni nzito kwa mafuta.

Mwisho kabisa naweka haibridi na AIRS. Haibridi ya kizazi hiki ni nzuri hadi betri yake kubwa itakapochoka, na kwa umri wake siku hiyo iko karibu. AIRS badala ya springi za chuma imekalia mifuko ya mpira yenye upepo. Shemeji yangu wa Wete aliipenda kwa ulaini wake. Mwaka wa pili akawa anaamka asubuhi analikuta gari limepiga magoti, na fundi akaishia kumfungia springi za kawaida. Akabaki na daraja la juu kwa jina tu.

Mwenye uwezo wa kizazi cha tatu, cha kuanzia mwisho wa 2013, atakutana na Grand, Elegance na Premium. Elegance inatosha.

Kwa daraja lolote, omba karatasi ya mnada wa Japani ikiwa gari limeagizwa karibuni. Alama ya S juu ya mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, na R au RA ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Kisha linyanyuliwe gereji, uangalie mabomba ya breki, makalio ya springi na kingo za chini za milango, na utoe tairi la akiba ugonge shimo lake kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti ya bati jembamba lililopakwa rangi mpya juu, teremka hadi gari linalofuata, hata kama ni la daraja la chini zaidi.