Epoksi au zege la kung'arishwa: sakafu ipi kwa Kigoma?

Kwa gharama, zege la kung'arishwa linashinda pale tu jamvi (zege la sakafu) lililopo ni zima na gumu: linasagwa kwa mashine yenye meno ya almasi, linapakwa dawa ya kulikaza, basi. Lenye nyufa na mabaka halifichiki kwa kung'arishwa; hapo afadhali epoksi, yaani utomvu wa kemikali unaopakwa juu ya sakafu na kuganda kuwa tabaka gumu; inafunika.

Lakini epoksi ina adui, unyevu unaopanda kutoka chini, na viwanja vya karibu na ziwa kama Kibirizi msivichukulie kirahisi. Bandika nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, acha mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, au zege limekuwa jeusi, epoksi itatoa malengelenge na kubanduka. Zege jipya nalo lisubiri siku 28.

Kwa muuza migebuka au fundi wa injini za boti naitetea epoksi: damu na mafuta havipenyi, wakati ndimu tu hula zege hata ling'ae vipi. Barazani hapana, jua huifanya ya njano. Sebuleni, au duka la nguo pale Mwanga, zege linatosha. Piga deki kwa sabuni isiyo kali.