MRI ya ubongo wa mtoto, Upper Hill, Nairobi: picha safi, njaa ndiyo inayotia hofu

Mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa umetaboli (mwili unashindwa kutumia chakula ipasavyo) akilegea upande mmoja ghafla, au akiacha kuona, au akishikwa na degedege lisilokoma, swali la kwanza ni kama hicho ni kiharusi cha kweli. Kituo tunachokitathmini hapa, kimojawapo cha vile vilivyojazana Upper Hill, kinaweza kulijibu vizuri. Kwa picha tunakisifu bila kusita. Kwa jinsi kinavyowashindisha watoto hawa njaa, hapana.

Nguvu ya sumaku ya mashine ni Tesla 1.5, nayo inatosha. DWI (picha ya mwendo wa maji ndani ya ubongo) huja pamoja na ramani ya ADC (kipimo cha wepesi wa mwendo huo) bila kuombwa, na hilo ni jambo kubwa. Mshipa ukiziba, ADC hushuka siku za mwanzo na doa hufuata eneo la mshipa huo. Kwenye MELAS, ugonjwa wa mitokondria unaoleta matukio yanayofanana na kiharusi, doa hulala kwenye gamba la ubongo, mara nyingi kisogoni na juu ya masikio, likivuka mipaka ya mishipa. ADC yaweza kupanda, kushuka, au vyote viwili ndani ya doa moja. Ripoti za hapa huliandika hilo waziwazi. Pia, kwa magonjwa mengine mawili ya umetaboli, hutazama globusi palidusi (kiini kilicho ndani kabisa ya ubongo) pande zote mbili kwa mtoto wa asidemia ya methilmaloniki, na mianya ya Silvia (mifereji ya pembeni mwa ubongo) iliyopanuka kwa mwenye asiduria ya glutariki aina ya 1.

Picha ya ateri imo kwenye kifurushi, na hapa Nairobi picha hiyo haifai kuachwa: familia nyingi za jijini zina asili ya Nyanza na Magharibi, ambako selimundu imeenea, na kiharusi cha selimundu ni cha mishipa kwelikweli. Picha ya vena haimo. Kwa mtoto wa homosistinuria, ugonjwa mwingine wa umetaboli, iandikwe kwenye fomu, kwa sababu damu yake huganda hata kwenye vena.

Spektroskopia, kipimo cha kemikali zilizomo ndani ya ubongo, hufanywa kwa kuombwa tu, na hapa ndipo kazi huharibika kirahisi. Kisanduku cha kupimia kina ukubwa wa kama sentimita 2 kila upande. Kikigusa fuvu, mafuta ya ngozi ya kichwa hujichomoza kwenye grafu karibu na alama ya 1.3 ppm, palepale inapokaa laktati (kemikali inayolimbikana seli zinapokosa nishati), na mtoto akaandikiwa laktati asiyokuwa nayo. Dawa ni kuomba TE (muda ambao mashine husubiri kabla ya kupokea mwangwi) ya milisekunde 144. Hapo laktati hupinduka: vilele viwili vyembamba bega kwa bega, kama pembe za mbuzi zilizoelekezwa chini ya mstari. Mafuta hayapinduki hivyo. Mafundi wa zamu ya mchana wanalijua hili; zamu ya jioni huacha TE fupi iliyomo kwenye mashine. Andika namba hiyo kwenye fomu, usiiseme kwa mdomo.

Sasa njaa, inayotakiwa kwa sababu mtoto hupewa nusukaputi ili atulie ndani ya mashine. Mapokezi humwambia kila mzazi maneno yaleyale: asile kuanzia saa sita usiku. Miadi ni saa mbili asubuhi, lakini wagonjwa wa dharura wakiingia, mtoto hupelekwa mbele mpaka adhuhuri. Hizo ni saa kumi na mbili. Mtoto mwingine atalia tu. Huyu mwili wake huanza kujila, asidi au amonia hupanda, na kipimo cha kutafuta madhara kikawa ndicho kinacholeta madhara.

Kanuni ya nusukaputi ni saa 6 kwa chakula, 4 kwa maziwa ya mama, 2 kwa maji. Mtoto huyu awe wa kwanza kwenye orodha, na dripu ya glukosi ya asilimia 10 yenye chumvi ianze pale chakula kinapokoma, si pale anapoitwa. Kasi yake aipange daktari wake, kwa kuwa wapo wachache, kama wenye upungufu wa PDH (kimeng'enya kinachosaidia mwili kutumia glukosi), ambao glukosi nyingi huwapandishia laktati. Ringer laktati, dripu yenye laktati ndani yake, isitumike kwa mwenye laktati ya juu. Kituoni hapa kanula huwekwa mlangoni mwa chumba cha mashine, kumechelewa. Ni afadhali mtoto alazwe hospitalini usiku huo na aletwe na dripu yake.

Kichanga anaweza kunyonyeshwa, akafungwa vizuri kwa shuka, akapigwa picha usingizini bila dawa. Wauguzi wa hapa ni hodari sana kwa hilo, ombeni.

Kabla ya kuondoka, fungueni CD kwenye kompyuta ya mapokezi. Filamu peke yake hazitoshi, na mara nyingi ramani ya ADC na grafu ya spektroskopia hubaki kwenye mashine. Picha za zamani mkabidhi daktari anayesoma picha siku hiyohiyo: doa la MELAS hufifia huku na kuzuka kule baada ya wiki chache, na bila ya kulinganisha, doa jipya husomwa kama la zamani.