Katambuga zenye tao: miezi miwili kwenye sakafu ya saruji

Ugonile, ugonile! Karibuni tena. Leo sijakaa kwenye kile kiti changu, nimesimama, na nimesimama makusudi. Ngoja nishushe simu chini... haya, mnaziona?

Hizi nimeshonewa hapa hapa Mwanjelwa, Mbeya, shilingi 35,000. Chini ni tairi, katambuga kama za babu zetu, ila juu ya tairi fundi kaweka sponji ngumu tabaka mbili, halafu ngozi. Mnaonifuatilia mnajua nafundisha shule ya msingi, vipindi sita niko wima kwenye saruji. Mwaka jana kisigino kikaanza. Unaamka asubuhi, na ile baridi yetu ya mwezi wa saba, unatia mguu chini, unahisi umekanyaga msumari. Ukizungukazunguka kinapoa. Ukikaa kusahihisha madaftari, ukiinuka tu, kimerudi.

Mimi nikakimbilia wapi? Kwenye ulaini. Nikanunua raba ya mtumba, ukiibonyeza kwa dole gumba inazama kama andazi. Wiki ya kwanza raha, wiki ya tatu nachechemea. Mtaalamu wa viungo aliichukua mkononi akaikamua kama tambara la deki, ikajisokota yote. Akanieleza: chini ya unyayo kuna utando mgumu, umetoka kisiginoni umekwenda hadi kwenye vidole, na ndio unaosaidia kulishikilia lile tao, ule mpindo wa katikati ya unyayo. Tao likilala kila hatua, utando unavutwa, na unavutika hasa pale unaposhikia kisiginoni. Sasa kiatu kinachozama kitalizuiaje tao lisilale? Kinazama nalo.

Haya, tuzipime hizi. Nashika mbele na nyuma, nakunja. Umeona zinakunjika wapi? Kwenye shina la vidole, pale pale mguu wenyewe unapokunjika. Katikati zimegoma. Nazikamua... wapi! Hapa nyuma kuna kibakuli, na si urembo: nyama ya kisigino ni mto tuliozaliwa nao, kibakuli kinaizuia isitawanyike pembeni. Kisigino kimeinuka kidogo kuliko mbele, ili lile kano la nyuma ya kisigino lisivute sana.

Pea ya kwanza, niseme ukweli, ilikuwa mateso. Tao la sandali lilikaa mbele mno, nikawa natembea kama nimeficha jiwe. Nusu ya kosa ni langu, maana nilikwenda asubuhi nikapimwa nimekaa. Mguu ukibeba uzito unarefuka na kutanuka, na jioni unakuwa umevimba kidogo. Mara ya pili nikaenda saa kumi jioni, nikasimama juu ya karatasi, fundi akachora miguu yote miwili. Kumbe wa kushoto ni mkubwa! Miaka yote hii nalaumu viatu.

Kasoro zipo. Nzito. Wiki nzima zilinuka gereji, walimu wenzangu wakanicheka ofisini. Mkanda wa nyuma una matundu matatu tu, ukivaa soksi haufiki, na Mbeya hii soksi utavaa. Zikilowa, ngozi inachukua siku mbili kukauka, na usizianike karibu na jiko la mkaa, gundi itaachia.

Je, nimepona? Hapana. Asubuhi kisigino bado kinanisalimia, ila kwa adabu. Na siyo sandali peke yake, kila siku nasukuma ukuta kunyoosha shavu la mguu. Ila wewe mwenye kisukari na miguu imeanza kufa ganzi, usianze na fundi wala na mimi, anza kliniki. Kiatu kinaweza kukuchubua mpaka kidonda usikisikie.

Jumamosi nafuata pea ya mama. Yeye ana kinundu pembeni ya kidole gumba, kwa hiyo fundi anapanua mbele bila kuongeza urefu. Mkanda nimeshamwambia: matundu matano, mama havui soksi.