Uzoefu wangu: grisi ya SRAM Butter kwenye foku inayokwama

Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya milimani, na foku yake (ile miguu ya mbele yenye shokapu) ni ya springi, ya bei ya chini, mabomba ya chuma. Naendeshea Moshi, napanda Kibosho na Uru, na anayezijua njia zile wakati wa kiangazi analijua vumbi lake: jepesi kama unga, linapenya popote. Foku ikaanza kugoma. Ukiibonyeza haishuki, ukiongeza nguvu inashuka kwa kishindo, halafu inarudi kwa kusitasita. Mawe yote yakawa yanaishia kwenye viganja.

Fundi wa kwanza alinitazama kwa huruma: "Kaka, hii imekufa, tafuta nyingine." Wa pili akapuliza dawa ya kulegeza kutu. Ikalainika kidogo, kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana dawa ile huosha grisi iliyobaki.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kitufe cha kufunga shokapu kiko wazi (usicheke, wengi hupatikana hapo). Kile cha kukazia springi kiache. Hakihusiani na kukwama. Kisha toa tairi la mbele na ubonyeze tena. Ikiteleza vizuri bila tairi, basi ekseli inaibana miguu ya foku ikae upande. Yangu ilikwama vilevile, kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani.

Butter ni grisi laini ya shokapu, haigandi kama ile ya gololi. Nilimwagiza dada aliyekuwa anatoka Nairobi. Kikopo ni kidogo, ila unapaka kidogo tu.

Kufungua si kazi ya kutisha. Toa tairi na breki, geuza baiskeli, legeza bolti mbili zilizo chini ya miguu ya foku kwa elenki, zigonge taratibu kwa nyundo ya mpira, kisha zitoe na uvute miguu. Bolti ikizunguka bila kufunguka, bana foku ili springi ikandamize fimbo ya ndani. Ndani nilikuta uji mweusi wenye chembe za mchanga, umeshikamana na bushi (pete ambamo bomba huteleza) hadi huoni rangi yake. Nilifuta kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, na spiriti kidogo. Petroli sikuigusa, inaharibu mipira ya sili, ile inayozuia vumbi kuingia. Kila mguu una bushi mbili, na ile ya chini iko mbali, ndiyo mafundi huiruka. Nilipaka zote, nikajaza grisi kwenye midomo ya sili, nikarudisha.

Sasa foku inaanza kushuka ukiilalia tu kwa viganja, na mizizi ya migomba pale Kibosho haigongi tena mabegani. Haijageuka kuwa foku ya bei mbaya: springi bado ni nzito kwa mtu mwembamba, na ukishuka kwa kasi inarusha. Kwa kukwama, hata hivyo, Butter naipa alama zote.

Angalizo kwa anayetaka kujaribu: pitisha ukucha kwenye mabomba, kuanzia juu hadi penye sili. Ukikwaruza kwenye shimo la kutu, usinunue grisi. Kutu ile itaikata sili mpya na ya zamani, na hapo fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli.