Rode NT5 na Shure SM57 kwenye gitaa kavu: uzoefu wangu nikirekodi nyumbani Moshi

Wadau wa gitaa, hizi maiki nimekaa nazo vya kutosha sasa naweza kuzisemea, maana naulizwa sana ipi inafaa kununua, hasa na vijana wa kwaya wanaotaka kurekodi nyumbani bila kulipia studio. Mi nina pea ya Rode NT5 na Shure SM57 moja, na kuna AT2020, maiki ya Audio-Technica, ya rafiki yangu imekaa kwangu mpaka nimeizoea. Gitaa langu ni kavu, nyuzi za chuma, napiga kwa vidole zaidi kuliko kwa piki, kile kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi. Narekodia chumbani, nyumba ya kupanga huku Rau, juu mabati, chini yake silingi bodi, na dirisha linaangalia barabara ambayo mchana kutwa bodaboda hazipumziki.

Jibu langu ni NT5. Kama mfuko unaruhusu, chukua hiyo, kwa gitaa kavu sijapata inayoizidi kwa hela ya kawaida. Kama mfuko hauruhusu, SM57 inatosha kabisa kuanzia na wala usione aibu, ipo sokoni toka 1965 na mpaka leo studio kubwa duniani wanaitumia.

Sasa nieleze kwa nini. SM57 ni dainamiki, yaani ndani kuna kiwambo kimebandikwa kakoili ka waya, sauti ikipiga inabidi isukume vyote viwili, kwa hiyo vile vitu vidogovidogo vya haraka vinafifia njiani. NT5 ni kondensa yenye kiwambo chembamba cha nusu inchi, hakijabeba koili yoyote, kinacheza haraka. Ukisikiliza kwa hedifoni unapata ile kucha inavyogusa waya kabla noti haijatoka, unapata mkwaruzo wa kidole kikihama kwenye zile nyuzi nene zilizosokotwa, na noti ikiwa inakufa unaisikia mpaka mwisho wake. Kwa SM57 gitaa lipo, zuri, lina mwili, lakini huo mguso wa kucha unausikia kwa mbali. Hata kwenye vipimo, kwa sauti nyembamba za juu Shure wenyewe wanaiandikia SM57 mwisho kilohezi 15, NT5 inafika 20.

Halafu kuna suala la nguvu ambalo wengi hawaambiwi dukani. Kwa sauti ileile SM57 inatoa kama milivolti 1.6 hivi wakati NT5 inatoa 12, zaidi ya mara 7. Gitaa la vidole ni la sauti ndogo, kwa hiyo ukitumia SM57 unajikuta umezungusha geini, kile kitufe cha kukuza sauti, karibu mwisho kwenye intafesi, yaani kile kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta, na intafesi ya bei rahisi ukiifikisha huko inaanza kutoa ule mvumo wa shhh. Hapo mtu anailaumu maiki wakati tatizo ni intafesi.

Kitu ambacho nilitaka sana kukijua mwenyewe ni hii habari kwamba kondensa inashika kelele za mtaa mzima ila dainamiki haishiki. Kila mtu anasema hivyo. Basi nikaziweka SM57 na NT5 zimegusana ubavu, umbali uleule kutoka kwenye gitaa, nikapiga kipande kilekile, halafu kwenye kompyuta nikapandisha SM57 mpaka gitaa likawa sawa kwa zote mbili. Jogoo wa jirani yupo kote kote! Kwa ukubwa unaokaribiana sana. Kwenye NT5 ni msafi zaidi kwenye zile sauti nyembamba za juu, ndo tofauti pekee niliyoisikia. Na ukifikiria ina mantiki, zote mbili ni kadioidi, zinasikia mbele na kuziba nyuma, sasa kama gitaa na jogoo wako palepale maiki itajuaje huyu imwache? Inayoonekana kukataa kelele inafanya hivyo kwa sababu watu wanaisogeza karibu sana na chombo, na kusogea karibu kunasaidia maiki yoyote ile. Kwa hiyo usinunue dainamiki ukidhani imekuzibia mtaa, inunue kwa bei yake na kwa sauti yake.

Kinachonisaidia kweli ni mgongo wa maiki. Kadioidi inasikia kidogo kabisa nyuma yake, basi mi nakaa nimelipa dirisha uso, maiki inaniangalia mimi na mgongo wake unaangalia barabara. Nyuma yangu natundika blanketi zito, lile la baridi ya mwezi wa saba, ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Blanketi halizuii bodaboda, hilo mjue, linapunguza mwangwi tu. Bodaboda inazuiwa na saa. Mi narekodi usiku barabara ikishatulia, na nahakikisha nimemaliza kabla ya adhana ya alfajiri na majogoo. Masika ndo hamna kazi, mvua ikishuka kwenye bati hata maiki ya mamilioni haikusaidii, siku hizo nafanya mazoezi tu.

Kuhusu wapi pa kuiweka, nawasihi msiielekeze kwenye tundu. Najua inashawishi kwa sababu sauti inaonekana inatoka pale, lakini boksi la gitaa lina mvumo wake wa hewa, kwa magitaa mengi uko kwenye hezi 100 na ushee, na unatokea pale tunduni, ukiweka maiki pale unapata besi inayobweka inafunika kila kitu. Tena kadioidi ikikaa karibu inaongeza besi yenyewe kwa asili yake. Weka usawa wa freti ya 12, umbali wa sentimita 20 mpaka 30, halafu igeuze kidogo ielekee pale shingo inapokutana na boksi. Toka hapo ni kusogeza kidogokidogo huku umevaa hedifoni. Sentimita 5 tu zinabadilisha gitaa, hili nalisema kwa moyo wote maana nimeona watu wanahangaika na ikwalaiza, kule kurekebisha besi na sauti za juu kwenye kompyuta, usiku kucha wakati ilitakiwa kusogeza stendi tu.

Pea inanoga unapopiga gitaa peke yake bila kuimba. Naziweka kwa XY, vichwa vimekaribiana kimoja juu ya kingine, zimepishana kwa pembe ya nyuzi 90, gitaa linatanuka kushoto na kulia na hata mtu akisikiliza kwa simu yenye spika moja haliharibiki. Ukiimba humohumo, moja inatosha ya gitaa.

AT2020 sitaisema vibaya. Ni kondensa ya kiwambo kikubwa kidogo, bei nafuu, na kwa anayetaka maiki moja ya kuimbia na gitaa nitamwambia aichukue. Ila kelele yake ya ndani, yaani shhh inayotoa maiki yenyewe, imeandikwa desibeli 20 na NT5 ni 16, na usiku nikipiga polepole kweli hiyo tofauti naisikia. Mtu akitaka ukimya zaidi kuna NT1 ya Rode iliyo chini ya 5, lakini kwa chumba changu naona ni kulipia ukimya ambao mtaa haunipi.

Ubaya wa NT5: haina swichi ya kukata besi wala ya kupunguza nguvu. Vishikio vinavyokuja nayo ni vigumu, ukigonga mguu sakafuni mdundo unapanda na stendi unaingia, mi naweka stendi juu ya godoro dogo la mtoto lililokunjwa. Nyuzi zikiwa mpya na ukatumia piki ngumu sauti inang'aa kupita kiasi. Na zinahitaji umeme wa fantomu, yaani volti 48 ambazo intafesi inazipeleka kwenye maiki kupitia waya wake, kwa hiyo vile viadapta vya simu vya bei chee haviziwashi. Mi natumia intafesi ya Scarlett 2i2 inayokula umeme wa USB, na hii imeniokoa, umeme ukikatika laptopu ina chaji naendelea, tena friji inakuwa imenyamaza. Hata umeme ukiwepo natoa chaja wakati wa kurekodi, nyumba nyingi hizi za kupanga earthi yake sio ya kuaminika, ukichomoa tu ule mlio wa zzz unaondoka.

Kwenye kununua kuweni makini na SM57, feki ni nyingi mno. Kuna ndugu yangu aliletewa moja kwenye basi toka Dar, boksi safi, nembo safi, ila mkononi nyepesi. Ya kweli inatakiwa kuwa gramu 284, ndani kuna transfoma. Tukaipeleka kwa mangi akatupimia kwenye mzani wake wa sukari, haikukaribia hata kidogo, na muuzaji hakupokea simu tena. Kwa hiyo pima kabla ya kutoa hela. NT5 bei yake inazidi ya SM57 mbili, ila unapata mbili pamoja na kisanduku kigumu cha kuhifadhia, mi nimetupia humo vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu kwa ajili ya unyevu wa masika.

Ninachojichanga sasa hivi ni vichwa vya NT45-O, vinafungwa kwenye NT5 hizihizi, unafungua cha zamani unaweka hicho inakuwa inasikia pande zote na haiongezi besi ukisogea karibu. Mwenye navyo hapa Moshi au Arusha anitafute, nataka nivisikie kwenye gitaa langu kabla sijalipa.