TAHADHARI: Anayejiita fundi wa kulainisha bunduki fupi za wenzo, Tabora

Ndugu wamiliki wa silaha mlioko Tabora Mjini, Sikonge, Urambo na Kaliua, naomba msome taarifa hii kabla hamjamkabidhi mtu yeyote bunduki yenu kwa ajili ya kile kinachoitwa "kulainisha", yaani kuifanya ifunguke na kufungwa bila ugumu. Yupo mtu anayezunguka kwenye minada ya ng'ombe akiwalenga wenye bunduki fupi za wenzo, zile ambazo mpigaji husukuma chini mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio ili ganda litoke na risasi nyingine ipande. Simtaji jina kwa kuwa malalamiko yangu yako polisi na sipendi kuvuruga uchunguzi, lakini namna anavyofanya kazi yake naweza kuieleza, kwa sababu imenipata mimi mwenyewe.

Ninamiliki kwa leseni Winchester 94 yenye mtutu wa inchi 20, iliyokuwa ya marehemu baba kabla sijafuata taratibu zote za kuandikishwa kwa jina langu. Tunaitegemea kwenye boma letu upande wa Sikonge, ambako fisi huzunguka zizi usiku. Muundo wake ni kazi ya John Moses Browning, na ulianza kutengenezwa Marekani mwaka 1894. Wapo wanaoudharau kwa uzee huo. Mimi naamini ni bunduki inayomfaa hasa mtu wa porini, kwa kuwa ni nyepesi, haikwami ovyo kwenye vichaka vya miombo, na ikitunzwa vizuri humtumikia baba, mwana na mjukuu. Tatizo la yangu lilikuwa moja tu: mkono wake ulikuwa mgumu, na kiangazi, vumbi linapozidi, ulikuwa ukikwaruza kila ninapoufungua.

Mtu huyo alinionyesha kwenye simu video ya bunduki kama yangu ikifunguka na kufungwa kwa kidole kimoja. Bei yake ilikuwa shilingi 350,000, na kianzio cha 200,000 kilitakiwa kutumwa kwa simu siku hiyohiyo. Nilipomuuliza leseni ya ufundi, alinionyesha picha ya karatasi yenye muhuri usiosomeka, akaeleza kwamba karatasi yenyewe iko Dar es Salaam. Hapo ndipo nilipopaswa kuchukua bunduki yangu na kuondoka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu asiye na leseni kufanya biashara ya kutengeneza silaha za wengine, na leseni yangu mimi haikunipa haki ya kumwachia silaha mtu wa namna hiyo. Kosa hilo ni langu, na polisi nimewaeleza bila kuficha lolote.

Alikaa nayo siku tisa. Aliponirudishia, mkono uliteleza kama uliopakwa mawese, nikafurahi na kummalizia fedha zake papo hapo. Jioni, nikiwa nyumbani, nilihakikisha chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, na bomba la risasi havina kitu, nikaisogeza karibu na taa na kuanza kuikagua kipande kwa kipande. Nilivuta nyuma hadi mwisho nyundo ya bunduki, ile inayoanguka ili risasi ilipuke, kisha nikakipiga kitako kwa kiganja, pigo la kawaida tu kama la mtu anayekung'uta vumbi. Nyundo ilianguka yenyewe. Nilirudia mara nne, na mara tatu kati ya hizo ilianguka bila kidole changu kugusa kifyatulio. Alikuwa amelipiga tupa jino linaloishika nyundo hadi likabaki ukingo mwembamba, uliong'aa kama wembe. Kuna pia kipini kidogo nyuma ya kifyatulio ambacho katika muundo huu huizuia bunduki isifyatuke mpaka mkono uwe umebanwa na kufungwa kabisa. Nacho kilikuwa kimesagwa, kwa hiyo kifyatulio kilikubali kuvutwa hata mkono ukiwa bado umeachama kidogo. Ule ulaini niliokuwa nimeulipia ulitokana na kuondolewa kwa vitu vilivyowekwa ili mtu asife.

Pamoja na bunduki alinipa risasi kumi "za zawadi", zilizojazwa upya na mtu nisiyemjua, na zote zilikuwa na ncha kali. Kwa bunduki yenye bomba la risasi chini ya mtutu, zawadi hiyo ni hatari kubwa. Ndani ya bomba risasi hulala moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikiegemea fataki, yaani kile kidude kinachowasha baruti kikigongwa, iliyo kwenye kitako cha ile iliyo mbele yake, na mshtuko wa mpigo mmoja unaweza kuisukuma ncha kali ikagonga fataki na kulipua bomba lote karibu na mkono wa kushoto wa mpigaji. Ndiyo maana risasi za saizi iitwayo .30-30 zinazotengenezwa kwa ajili ya bunduki hizi huwa na ncha bapa au ya duara, au ncha laini iliyobuniwa mahsusi kwa kazi hiyo. Mtu anayejiita fundi wa wenzo na halijui hili hakustahili kuishika bunduki yangu hata kwa dakika moja. Zote kumi nilizikabidhi polisi.

Jambo la tatu niliambiwa na askari aliyeikagua. Katika kung'arisha chuma, mtu huyo alipitisha msasa juu ya namba ya silaha, na tarakimu mbili za mwisho zilikuwa hazisomeki vizuri. Leseni hutolewa kwa silaha yenye namba yake. Namba ikififia, mwenye leseni halali huanza kuonekana kama mwenye silaha ya wizi. Kwa kuwa nilikuwa na picha ya namba hiyo niliyoipiga zamani pamoja na leseni yenyewe, nilisikilizwa. Tafadhali pigeni picha za namba zenu leo.

Kulainisha bunduki ya wenzo ni kazi halali ikifanywa na fundi mwenye leseni. Mara nyingi shida ni uchafu na mafuta yaliyoganda, na usafi wa kina peke yake huleta nafuu kubwa. Fundi wa kweli husugua taratibu sehemu zinazokwaruzana, akibadilisha springi huweka inayostahili na kukurudishia ya zamani mkononi, na jino la nyundo haligusi kwa ajili ya kukufurahisha.

Nimekwisha kuzungumza na watu wawili, mmoja wa Urambo na mwingine wa hapa mjini, waliompa bunduki zao baada yangu. Ya huyu wa mjini nayo huangusha nyundo. Yeyote aliyepokea bunduki kutoka kwake asiweke risasi ndani, asiijaribu kwa kupiga, na asimrudishie akidai atarekebisha. Aende kituo cha polisi na leseni yake, aeleze kwanza kabla ya kuileta silaha, na awe na ujumbe wa malipo ya simu, kwa sababu namba iliyopokea fedha zangu imeandikishwa kwa jina tofauti na alilonitajia, na polisi wanakusanya jumbe hizo.