Nebulaiza ya Duka la Dawa kwa Sungura Mzee: Baada ya Miezi Saba

Mashine hii ya nebulaiza, yaani ya kugeuza maji au dawa kuwa ukungu wa kuvuta kwa pua, ya aina ya kompresa (inayosukuma hewa kwa pampu), niliinunua katika duka la dawa mjini Arusha mwezi wa Mei kwa shilingi 95,000. Muuzaji aliniuliza mtoto ana miaka mingapi, nikamjibu minane, nikaona si lazima kuongeza kwamba mtoto mwenyewe ni sungura. Kwa sungura wa nyumbani umri huo ni uzee, na Kashata wetu alikuwa amemaliza karibu mwaka mzima akipiga chafya na kutokwa na kamasi nyeupe nzito, ambayo aliifuta kwa miguu ya mbele hadi manyoya ya upande wa ndani yakashikana na kukakamaa kama uzi uliomwagikiwa uji.

Mashine haikutangulia matibabu, wala haifai kutangulia. Sungura hupumua kwa pua. Ukimwona anahema kwa mdomo huku ameinua kichwa, hiyo ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari saa ile ile. Daktari wa mifugo aliyempokea Kashata alimtazama meno kabla ya kumsikiliza kifua, kwa sababu mizizi ya meno ya juu imepakana na njia za pua na mfereji wa machozi, na ikirefuka au kutunga usaha huleta mafua ambayo dawa peke yake haiyamalizi. Meno yalikuwa salama. Kamasi ilipopimwa maabara walionekana bakteria aina ya Pasteurella, ambao wakishajikita ndani ya pua ni vigumu kuwang'oa wote, hivyo daktari akatuandikia enrofloksasini, dawa ya kuua bakteria, na kutueleza wazi kuwa tunatafuta nafuu ya kudumu zaidi kuliko kupona. Alishtuka nilipomwonyesha kopo la amoksilini ambalo duka moja la pembejeo lilikuwa limeniuzia, kwani dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huvuruga bakteria wa tumboni mwa sungura kiasi cha kuweza kumuua. Nashukuru kwamba kopo lilikuwa bado halijafunguliwa.

Kazi ya nebulaiza ni kuyageuza maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale yale ya dripu, kuwa ukungu mwembamba unaolainisha kamasi ili itoke. Barakoa ya mtoto haikai kwenye uso wa sungura, kwa hiyo niliiweka kando, nikatoboa kasha la plastiki lenye mfuniko, nikapitisha mpira wa mashine kwenye tundu moja na kuacha matundu mengine ya hewa. Kashata hukaa humo dakika 15 asubuhi na jioni, juu ya taulo, akiwa na majani ya korianda (giligilani) mbele yake. Dakika tano za mwanzo huwa ametulia tu. Kisha hupiga chafya tatu nne mfululizo, kamasi ikatoka, nami nikaifuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Mlio wa pua yake, uliokuwa ukisikika kutoka chumba cha pili, siku hizi husikika tu ukimwinamia.

Kasoro kubwa ni kelele. Kompresa inanguruma kama pampu ya maji, na wiki ya kwanza Kashata alikuwa akipiga kasha kwa miguu ya nyuma kwa hofu, hadi nilipoiweka mashine sakafuni nyuma ya mlango na kuitandikia blanketi chini, bila kuifunika, kwa kuwa inachemka haraka na inahitaji kupumzishwa. Mpira wake ni mfupi kwa mpangilio huo. Kikombe cha dawa nacho lazima kioshwe na kukaushwa kila baada ya matumizi, la sivyo kinaota ukungu, na cha kwanza kilipasuka ukingoni katika mwezi wa tatu wa matumizi. Zipo mashine za ultrasoniki, zinazotengeneza ukungu kwa mitetemo, zisizo na kelele, lakini daktari alinitahadharisha kuwa huweza kuharibu baadhi ya dawa, ikiwa siku moja tutalazimika kuweka dawa badala ya maji ya chumvi.

Siwezi kuipa mashine sifa zote. Wiki ile ile tuliondoa maranda ya mbao katika banda, tukatandika magazeti na kuyabadilisha kila siku ili harufu ya mkojo isimchome pua, na nyasi kavu sasa tunazikung'uta nje kabla ya kumpa. Hata hivyo, wiki mbili za Agosti mashine ilipokuwa kwa fundi, banda likiwa safi vilevile, mlio wa pua ulirudi siku ya nne na akaanza kuacha majani yake.

Kwa bei ile ningeinunua tena, pamoja na vikombe viwili vya akiba. Kashata, aliyekuwa ameshuka hadi kilo 1.8, jana kwenye mizani ya jikoni alikuwa na kilo 2.1, na bado hupiga chafya kila asubuhi.